Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Jina la Ukoo la Attenborough: Chimbuko na Mtawanyiko Wake

Wasomaji wengi wa Kiswahili wanalijua jina la Attenborough kwa sababu ya watu wawili: Richard Attenborough (1923–2014), mwigizaji na mwongozaji wa filamu, na mdogo wake David, aliyezaliwa mwaka 1926, ambaye amesimulia maisha ya wanyama katika televisheni kwa zaidi ya nusu karne na ambaye mwaka 1978 alirekodiwa akiwa ameketi katikati ya gorila wa milimani nchini Rwanda. Umaarufu huo umewafanya wengi wadhani kwamba jina hili ni la kawaida huko Uingereza. Sivyo. Ni jina adimu, na uadimu wake ndio unaolifanya lifuatilike: jina la Smith halikuambii lolote kuhusu alikotoka mwenye nalo, lakini Attenborough linakupeleka moja kwa moja kwenye bonde la mto Trent, katikati ya England.

Jina hili lina maana gani?

Yapo maelezo mawili. Ya kwanza yanasema kwamba jina limetokana na kijiji cha Attenborough katika kaunti ya Nottinghamshire. Kijiji hicho kinatajwa katika maandishi ya karne ya 12 kama Adinburcha, yaani ngome iliyohusishwa na mtu aliyeitwa Adda au Æddi. Sehemu ya mwisho ni neno burh la Kiingereza cha kale, lililomaanisha mahali palipozungushiwa boma, na ile t tunayoiona leo ilikuja baadaye na kuchukua nafasi ya d.

Maelezo ya pili hayahitaji kijiji chochote. Katika Kiingereza cha karne za kati, mtu aliyeishi penye ngome au karibu na nyumba kubwa ya bwana mwenye ardhi aliweza kuitwa atten burgh, yaani "wa penye boma". Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa sana muundo huu, kwa kuwa kiambishi chetu -ni kinafanya kazi hiyohiyo katika Kisimani, Mwembeni na Ngomeni. Kwa maelezo haya, tafsiri iliyo karibu zaidi ya Attenborough ni Bomani, neno ambalo nchini Tanzania ni jina la mitaa na pia la watu. Neno atten limeacha alama katika majina mengine ya Kiingereza, wakati mwingine kwa kujificha: atten oke, yaani "penye mwaloni", liligawanywa vibaya na masikio ya watu, n ikahamia mwanzoni mwa neno la pili, na hapo yakazaliwa majina ya Noke na Noakes.

Maelezo yapi kati ya hayo mawili ndiyo sahihi?

Kwa kulitazama neno peke yake huwezi kuamua, kwa sababu njia zote mbili zinaishia kwenye matamshi yaleyale. Kinachosaidia ni ramani. Jina lenye maana ya "penye boma" lingeweza kuzuka popote palipokuwa na boma, na Uingereza ya karne za kati haikupungukiwa na maboma, kwa hiyo tungetarajia kulikuta limetapakaa kusini, magharibi na kaskazini bila mpangilio. Badala yake limejikusanya Nottinghamshire na upande wa pili wa mpaka, katika Derbyshire, ndani ya mwendo ambao mtu wa kale angeweza kuumaliza kwa miguu kwa siku moja akitokea kijijini. Kwa maoni yangu jambo hilo linaegemeza mizani upande wa kijiji, ingawa halizuii uwezekano kwamba familia mojamoja kwingineko zilipata jina kwa njia ya pili.

Linatamkwaje?

Mkazo huwekwa kwenye silabi ya kwanza, na mwisho wa neno husikika kama "bra" au "bara" fupi. Herufi ough zilizoko mwishoni hazitamkwi kama zinavyoandikwa, na hilo ndilo linalotupeleka kwenye swali linalofuata.

Kwa nini jina linaandikwa kwa tahajia nyingi?

Mbali na Attenborough, utakutana na Attenborrow, Attenburrow, Attenbrow na Attenbarrow. Kabla ya karne ya 19 wengi wa waliobatizwa, waliofunga ndoa na waliozikwa hawakujua kusoma, kwa hiyo tahajia haikuwa mali ya mwenye jina bali ya aliyeshika kalamu. Mchukulie mfumaji wa soksi anayempeleka mtoto wake kubatizwa katika parokia ya jirani. Karani anamuuliza jina, naye analitamka kwa lafudhi ya kwao huku akimeza silabi za mwisho, na karani anaandika alichosikia: Attenbrow. Miaka miwili baadaye mtoto wa pili anabatizwa na kasisi anayekijua kijiji cha Attenborough, na huyo anaandika jina kama kijiji kinavyoandikwa. Watoto wa baba mmoja na mama mmoja tayari wana majina mawili kitabuni, na wakihamia miji tofauti kabla shule na vyeti havijaigandisha tahajia, vitukuu vyao wataweza kufanya kazi kiwanda kimoja bila kujua kwamba ni ndugu. Sisi husema Wapemba hujuana kwa vilemba. Hawa vilemba ndivyo vilivyowapoteza.

Anayetafuta jina hili katika kumbukumbu kwa tahajia moja tu atakosa sehemu ya familia.

Waingereza walianza lini kurithisha majina ya ukoo?

Si zamani kama wengi wanavyodhani. Kabla ya Wanormani, watu waliotoka kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka nchi mwaka 1066, watu wa kawaida waliitwa kwa jina moja, na pale ilipobidi waliongezewa la baba, la kazi, la sifa au la mahali. Mabwana wakubwa walitangulia kurithisha majina yaliyofungamana na ardhi zao, wenye mali wa mijini wakafuata, kisha wakulima, hadi kufikia takriban mwaka 1400 familia nyingi za Kiingereza zilikuwa na jina lisilobadilika kutoka kizazi hadi kizazi. Kodi za kichwa za miaka ya 1377, 1379 na 1381 zilihitaji orodha za watu, na orodha hizo zinaonyesha majina yakiwa bado njiani kuganda.

Hapa pana tofauti ambayo huwachanganya wasomaji wetu. Katika familia nyingi za Tanzania na pwani ya Kenya, ubini ni jina la baba au la babu, na kwa hiyo hubadilika kila kizazi kinapopita. Nasaba inahifadhiwa kwa kuhesabu majina kurudi nyuma. Jina la ukoo la Kiingereza halihesabu chochote. Linabaki lilelile kwa miaka 600, na jina la mtu wa kwanza aliyelibeba linaweza kusahaulika kabisa huku jina lenyewe likiendelea.

Kijiji cha Attenborough kiko wapi, na je, wakazi wake wanaitwa hivyo?

Kijiji kiko ukingoni mwa mto Trent, upande wa kaskazini, yapata kilomita 8 kusini magharibi mwa jiji la Nottingham, na leo kimeungana na mji wa Beeston. Kanisa lake la Mtakatifu Maria ndimo alimobatizwa Henry Ireton mwaka 1611, yule jenerali aliyekuja kuwa mkwe wa Oliver Cromwell, mtawala wa Uingereza baada ya mfalme kupinduliwa katika karne ya 17. Reli ya kutoka Nottingham kwenda Derby, iliyofunguliwa mwaka 1839, inapita hapohapo, na kijiji kina stesheni yake. Kati ya reli na mto kuna mashimo ya kokoto yaliyoanza kuchimbwa mwaka 1929 na kujaa maji. Mwaka 1966 yalifunguliwa kuwa hifadhi ya ndege na viumbe wengine, na aliyealikwa kuifungua alikuwa David Attenborough. Mtu mwenye jina la kijiji alikuja kufungua hifadhi yenye jina la kijiji. Sidhani kama waandaaji walihitaji kikao kirefu kumchagua mgeni rasmi.

Lakini usiende kule ukitarajia kukuta jina hilo mlango kwa mlango. Jina la mahali hupewa mtu aliyeondoka pale. Hakuna anayeitwa Mpemba akiwa Pemba. Anaitwa hivyo akifika Tanga au Mombasa, ambako asili yake inamtofautisha na wengine. Vivyo hivyo mtu aliyetoka Attenborough alianza kuitwa "wa Attenborough" alipohamia Stapleford, Nottingham au kijiji kingine cha jirani, na ndiyo sababu majina ya aina hii mara nyingi huunda duara kuzunguka chimbuko lake, na katikati ya duara kukawa karibu patupu.

Ndani ya Uingereza jina limesambaa wapi?

Chombo bora cha kulijibu swali hili ni sensa ya mwaka 1881, ambayo ilinakiliwa yote na watu waliojitolea na hivyo kuwawezesha watafiti kuchora ramani za majina kabla magari na vita vikubwa havijawachanganya watu. Katika picha hiyo Attenborough na ndugu zake wa tahajia ni jina la mpaka wa Nottinghamshire na Derbyshire, hasa bonde la mto Erewash, ambao ndio mpaka wenyewe na ambao unaingia Trent karibu kabisa na kijiji.

Sababu ya watu kukaa karibu vile ilikuwa riziki. Mashine ya kufuma soksi ilibuniwa Nottinghamshire na William Lee mwaka 1589, na kwa karne mbili zilizofuata vijiji vya huko vilijaa wafumaji waliofanya kazi majumbani mwao. Mwanzoni mwa karne ya 19 mashine za kutengeneza lesi ziligeuza Nottingham kuwa mji mkuu wa biashara hiyo, na viwanda vikaenea hadi Beeston na Long Eaton. Chini ya bonde la Erewash kulikuwa na makaa ya mawe. Kijana aliyekosa kazi ya soksi alikwenda kwenye lesi, aliyekosa lesi alikwenda mgodini, na pote huko aliweza kurudi nyumbani kwao Jumapili. Kaunti zilizokosa viwanda ziliona majina yake yakikimbilia London na Lancashire. Hapa kazi iliwafuata watu walipo.

London nayo ilipata tawi lake. Katika karne ya 19 jina la Attenborough lilijulikana sana jijini humo kama jina la wenye maduka ya rehani, kiasi kwamba kwa mkazi wa London wa wakati ule jina hilo lilimkumbusha saa iliyowekwa rehani kuliko ndege au nyani.

Kwa nini jina limebaki adimu hata baada ya miaka 600?

Majina ya ukoo hufa kwa urahisi kuliko watu wanavyofikiri. Jina likipita kwa wanaume peke yao, baba mwenye mabinti watatu na asiye na mwana anaacha wajukuu wengi na jina lisilo na mtu wa kulibeba. Mwaka 1874 Francis Galton na kasisi mwanahisabati Henry William Watson walichapisha hesabu za jambo hili, wakiwa wanashangaa kwa nini koo maarufu zinatoweka bila vita wala njaa. Jina linaloanza na mtu mmoja lina uwezekano mkubwa wa kuzimika katika vizazi vichache vya mwanzo, na likivuka hapo huendelea kwa kubahatisha. Ukiongeza tauni ya mwaka 1348 na 1349, iliyoua pengine theluthi hadi nusu ya Waingereza wakati majina yalipokuwa bado machanga, utaona kwamba jina adimu lililobaki ni jina lililonusurika.

Je, wote wenye jina hili wana babu mmoja?

Hili ndilo swali lenye jibu la kuvutia zaidi. Mwaka 2009 Turi King na Mark Jobling wa Chuo Kikuu cha Leicester walichapisha utafiti wa kromosomu Y za wanaume 1,678 wenye majina 40 tofauti ya ukoo. Kromosomu Y, yaani kifurushi cha vinasaba walichonacho wanaume, hutoka kwa baba kwenda kwa mwana, njia ileile inayopitwa na jina la ukoo la Kiingereza, kwa hiyo viwili hivyo vinaweza kulinganishwa. Kwa jina la Smith hakukuwa na dalili yoyote ya babu mmoja, kama inavyotarajiwa kwa jina lenye maana ya mhunzi, lililoanzishwa na kila mhunzi wa kila kijiji. Kwa Attenborough ilikuwa kinyume: asilimia 87 ya wanaume, pamoja na wale wanaoliandika Attenburrow au Attenborrow, walibeba kromosomu za kundi moja la kinasaba, ambalo wataalamu huliita E1b1b1, ambalo ni nadra kwa Waingereza kwa jumla.

Matokeo hayo yanathibitisha yale yaliyodokezwa na ramani, na pia yanaondoa shaka kuhusu tahajia: waliogawanywa na makarani wameunganishwa na damu. Hata hivyo tahadhari moja inahitajika. Kuwa na babu mmoja leo si lazima kumaanishe kwamba mwanzoni alikuwapo mtu mmoja tu mwenye jina hilo. Huenda walikuwa watatu au wanne, na koo za wengine zikazimika kwa njia iliyoelezwa katika swali lililotangulia.

Na wale wasiobeba kromosomu hiyo, wao si akina Attenborough?

Ni akina Attenborough kama wengine. Katika vizazi zaidi ya 20 jina huingia kwa njia nyingi ambazo kromosomu haizijui: mtoto wa kulea, mwanamume aliyechukua jina la mkewe ili arithi mali, mtoto wa msichana ambaye hajaolewa aliyepewa jina la mama, na mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa kwa baba mwingine. Kuhusu hao wa mwisho wazee wetu walishatoa hukumu, kwamba kitanda hakizai haramu, na sheria ya Uingereza kwa karne nyingi ilishika msimamo unaofanana na huo. Cha kushangaza ni kwamba baada ya muda wote huo walio nje ya kundi kuu ni wachache kiasi hicho.

Nimesoma kwamba kundi la E1b1b1 lilitokea Afrika Mashariki. Je, babu wa akina Attenborough alitoka kwetu?

Ni kweli kwamba wataalamu wengi huweka chimbuko la kundi hilo Afrika Mashariki, zaidi ya miaka 20,000 iliyopita, na kwamba matawi yake bado ni ya kawaida Ethiopia, Somalia na Afrika Kaskazini. Lakini matawi mengine yalishafika Mediterania na Balkani maelfu ya miaka kabla ya Kiingereza kuwapo. Mwanamume aliyelileta bonde la Trent angeweza kuwa askari wa Kirumi, mfanyabiashara, au mzao wa mkulima aliyehamia Ulaya zamani sana. Kusema kwamba "alitoka Afrika Mashariki" ni kweli kwa maana ambayo haimsaidii mtu kujua lolote kuhusu karne ya 14.

Upo mfano mwingine ambapo uhusiano na Afrika uko karibu zaidi. Mwaka 2007 kundi hilohilo la watafiti wa Leicester lilieleza kuhusu jina adimu la mashariki mwa Yorkshire, ambalo walilificha chini ya herufi R. Kati ya wanaume 18 wenye jina hilo waliopimwa, 7 walibeba kromosomu ya kundi A1, ambayo hadi hapo ilikuwa ikijulikana kwa watu wachache sana, na asili yake ni Afrika Magharibi. Kwa kutumia nyaraka, wanaume hao walipangwa katika nasaba mbili zenye mababu walioishi Yorkshire mwishoni mwa karne ya 18, na vinasaba vilionyesha kwamba nasaba hizo ziliungana vizazi vichache nyuma zaidi. Waliopimwa walikuwa wakijiona kuwa Waingereza wa asili, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kufikiri vinginevyo. Waafrika walikuwapo Uingereza mapema: katika karne ya 3 kikosi cha Wamori kutoka Afrika Kaskazini kililinda ngome kwenye Ukuta wa Hadrian, ule uliojengwa na Warumi kaskazini mwa England, mahali panapoitwa leo Burgh by Sands. Burgh hiyo ni neno lilelile burh lililomo ndani ya Attenborough.

David na Richard wanatoka tawi gani?

Hawakuzaliwa Nottinghamshire. Richard alizaliwa Cambridge, David alizaliwa Isleworth magharibi mwa London, na wote walikulia Leicester, ambako baba yao Frederick aliongoza chuo kikuu kishiriki kuanzia mwaka 1932. Lakini Frederick mwenyewe alizaliwa mwaka 1887 Stapleford, mji ulio ukingoni mwa Erewash, kilomita chache tu kutoka kijijini. Kwa hiyo, hadi mwaka huo, tawi lenye sifa kuliko yote lilikuwa bado ndani ya duara.

Nianzie wapi nikitaka kufuatilia tawi la familia hii?

Anza na yanayojulikana na urudi nyuma. Uandikishaji wa kiserikali wa vizazi, ndoa na vifo England na Wales ulianza tarehe 1 Julai 1837. Sensa zenye majina ya watu zinaanzia mwaka 1841, na ya karibuni iliyo wazi kwa umma ni ya mwaka 1921; ya 1931 iliungua mwaka 1942, na ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita. Kabla ya 1837 utategemea vitabu vya parokia, ambavyo viliagizwa kuwekwa kuanzia mwaka 1538.

Ugumu wa eneo hili ni ule mto. Erewash ni mto mdogo ambao mtu huuvuka kwa dakika moja, lakini katika nyaraka ni kama bahari. Nottinghamshire ilikuwa chini ya dayosisi ya York hadi mwaka 1837, na Derbyshire ilikuwa chini ya Lichfield, kwa hiyo ndugu wawili walioishi ng'ambo na ng'ambo, wakionana kila wiki, waliacha wosia katika mahakama mbili za kanisa zilizo mbali sana. Mtafiti anayempoteza mtu Stapleford ajaribu Derbyshire kabla ya kuhitimisha kwamba amekufa au amesafiri.

Je, jina liko nje ya Uingereza?

Lipo Australia, Marekani, Kanada na kwingineko walikohamia Waingereza, na kila mahali ni adimu kama lilivyo nyumbani.

Mahali lilikoenea kwa kasi zaidi ni katika majina ya kisayansi ya viumbe, ambako limepewa mmea unaokula wadudu wa kisiwa cha Palawan nchini Ufilipino, Nepenthes attenboroughii, na mnyama wa New Guinea mwenye miiba na anayetaga mayai, Zaglossus attenboroughi. Mwaka 2022 lilipewa pia Auroralumina attenboroughii, kiumbe wa baharini wa ukoo wa viwavi wa maji na matumbawe, aliyeacha alama yake katika jiwe lenye umri wa miaka takriban milioni 560. Jiwe hilo liko Charnwood Forest, Leicestershire, kama kilomita 20 kusini mwa kijiji cha Attenborough. David alipokuwa mtoto akiokota visukuku katika kaunti hiyo hakujisumbua kutafuta Charnwood, kwa kuwa wakati ule iliaminika kwamba miamba yake ni mikongwe mno kuwa na chochote kilichowahi kuishi.